Mguu wa Mzee Masanja

Jumamosi, Kiseke. Mvua imetishia tangu asubuhi na mpaka sasa haijanyesha.

Nimeoga mara mbili. Bado najisikia mchafu.

Leo yalikuwa mashindano ya kunipongeza, mimi bingwa niliyerudi na kombe la gofu. Nilipangwa kucheza na bosi anayenidhamini, yule aliyeahidi kunilipia safari ya kwenda kushindana na wachezaji wa kike wa kulipwa huko nje. Fimbo zake alibebewa na Mzee Masanja. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha gofu nikiwa darasa la nne, na somo lake la kwanza lilikuwa hili: mpira unapigwa pale ulipolala, hata kama umelala kwenye kinyesi cha ng'ombe.

Na kwenye kinyesi niliwahi kuupiga. Siku hiyo alicheka mpaka akakaa chini.

Shimo la mwisho liko kando ya ziwa. Bosi akapiga, mpira ukaingia katikati ya mawe. Ukifika pale huna ujanja, unakubali adhabu ya pigo moja unaendelea. Mzee akatangulia kuutafuta. Akaangalia huku, akaangalia kule, akausukuma kwa mguu mpaka kwenye nyasi safi.

"Huu hapa, bosi. Una bahati."

Nilikuwa nyuma yake, hakuniona. Bosi aliniona. Akanikonyeza.

Mtu mzima na mvi zake, ananikonyeza kwa mpira wa kusukumwa.

Kwenye gofu, kadi yako ya matokeo anaisaini uliyecheza naye. Bosi akaniletea yake huku anatafuna sato, vidole vinang'aa mafuta, akaniambia nisaini haraka watu wanasubiri zawadi. Nikasema mbele ya meza nzima kwamba sisaini, mpira ulisogezwa. Akacheka, akafuta vidole, akasema basi hata ile safari tutaiangalia upya. Wale walioniita fahari ya Mwanza asubuhi wakainamia sahani zao. Wamenitia kinyaa, wote.

Safari imekufa. Inauma, sitajidanganya.

Lakini bosi nimeshamzoea. Aliyenimaliza ni Mzee Masanja, aliponifuata getini. "Mwanangu, ungesaini tu. Nilifanya kwa ajili yako. Akinuna, nani atakupeleka?"

Kwa ajili yangu.

Nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa namlaani. Nilipofika nyumbani nikaliona kombe juu ya kabati, nikalifunika kwa kanga.

Maana fimbo zangu kabeba yeye tangu utoto wangu, hadi kwenye kombe hili. Mipira yangu iliyopotea alitangulia yeye kuitafuta. Na mara nyingi, mara nyingi mno, aliikuta kwenye nyasi safi.

"Una bahati, mwanangu," alikuwa akiniambia.

Kesho nitamwamkia shikamoo kama kawaida, halafu nitamuuliza. Je, nataka kweli anijibu?