Boksi la Chumbani kwa Mama Wanjiku

Mashimoni, Kibera

Mama Mutheu,

Kabla hujaniuliza: ndiyo, ninakula, ndiyo, ninalala, na wala sijakonda. Wewe je, na watoto? Mguu wa mama yangu unaendeleaje? Nasikia huko Kitui mvua imegusa, sijui ni kweli au ni maneno tu ya wasafiri.

Huku kumetulia tangu wakubwa wa siasa wakae wakapatana. Hata Soko la Toi watu wanajenga vibanda upya. Shida ya ploti yetu, hivi vyumba vya kupanga, ilikuwa giza. Boksi la stima, lenye swichi kubwa na fyuzi za vyumba vyote, lilikuwa ndani kwa jirani yetu Mama Wanjiku. Vita vya uchaguzi vilipoanza alifunga kufuli akakimbilia kwa dada yake Kawangware. Juzi fyuzi kubwa ikaungua, na hakuna wa kuifikia.

Baba Akinyi, yule kinyozi wa chumba cha mwisho, akaja na nyundo. "Tuvunje tu, bana! Mimi nitanyoa watu na nini, meno?"

Nilikataa. Huku mlango ukivunjwa asubuhi, jioni kuna godoro la mtu mwingine ndani, na mwenyewe hana tena pa kurudi. Nikawaambia mimi ndiye fundi wa stima, nitalihamishia boksi kwenye korido, lakini kwa ruhusa yake. Nikamwandikia kwa simu: "Mama Wanjiku, boksi limekaa kwako sana. Wapangaji wamekubaliana tulitoe leo." Nikajiona nimeandika vizuri.

Kumbe mwenzangu ana boksi lake la bati, la nguo na vyeti vya watoto! Wiki zote hizo alikuwa hataki kukanyaga Kibera kwa hofu, na hakuna aliyemlaumu. Saa sita mchana nikamwona anaingia getini, leso kiunoni, jasho linamtoka, hata hasalimii.

"Boksi yangu iko wapi? Nani ameitoa?"

"Mama, si yako. Ni ile ya stima."

Akanitazama. Akatazama kufuli, halijaguswa. Akakaa chini pale pale mlangoni, akacheka mpaka akalia. Nilifurahi kumwona, Mama Mutheu, kuliko nilivyofurahi Krismasi.

Alifungua mwenyewe. Nikazima stima kwenye mita, nikabadilisha fyuzi iliyoungua, nikarefusha nyaya, nikalifunga boksi kwenye ukuta wa korido, Baba Akinyi akinishikia ngazi. Kufikia jioni taa ziliwaka vyumba vyote. Mama Wanjiku alikuwa anafagia vumbi nililomwachia, na Baba Akinyi akamletea jerikeni ya maji bila kuombwa. Hakuna aliyemwuliza kama analala au anarudi Kawangware.

Nisalimie mama yangu, na kaka yako mwenye duka, na umwambie Mutheu baba yake ameona ripoti ya shule na hajakasirika sana. Mama Wanjiku naye ameniona ninaandika. Anasema nikuambie yuko kwake.

Mumeo,
Baba Mutheu