Usiku Ule Taa Ilipozimika

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na hao watoto wanaogombania simu kuniita shangazi. Hamjambo wote? Kikohozi cha wifi kimepoa? Huku Baba na Mama ni wazima wa mwili. Ningekupigia simu, lakini nimejaribu mara kadhaa na kila mara nakata kabla hujapokea. Kwa hiyo kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unajua kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwenye minara ya taa ya pwani hii, ile mikongwe iliyobaki ya kutazamwa tu na ile inayoongoza meli hadi leo. Wa kwetu nauweka mwisho, maana ndio ninaoringia. Huwa nawaambia kwamba Baba alipokuwa mtunza taa, taa haikuzimika hata mara moja. Kisha nawasimulia ile meli iliyopasukia mwambani kwenye ukungu, na Baba alivyoingia na mashua kwenye mawimbi akaokoa watu, akavishwa nishani.

Jumamosi, nikiwa katikati ya maneno hayo, mzee mmoja akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema, "Binti, ilizimika. Na ukungu haukuwepo." Wageni wakacheka. Nami nikamtania kwamba labda alifumba macho kwa woga. Hakucheka. Akasema alikuwa mpishi kwenye meli ile, na mdogo wake, aliyekuwa akiosha vyombo humo, hakuonekana tena.

Kaka, damu ilinichemka. Kumwita Baba mwongo mbele za watu! Nikawaaga wageni, nikamchukua mpishi yule moja kwa moja hadi nyumbani, nikitaka Baba amfunge mdomo. Baba alikuwa sebuleni anatengeneza redio yake, vipande vimetapakaa mezani. Nilitegemea afoke, unamjua Baba akiguswa kuhusu taa yake. Badala yake akaweka bisibisi chini, akamtazama mzee yule, akasema polepole, "Ilizimika. Miaka yote namngoja mtu kama wewe."

Nikakalia mkono wa kochi. Baba akaeleza kwamba siku hizo taa iliwaka kwa mafuta ya kusukumwa kwa pampu ya mkono, na ukiiacha bila kusukuma, moto hunywea na kufa. Yeye aliiacha. Alipokimbilia mashua, meli ilikwisha pasuka. Wakubwa walipokuja kuuliza akawaambia kulikuwa na ukungu, wakaridhika, wakampa mkono.

Mpishi akauliza jambo moja tu: usiku ule Baba alikuwa wapi? Baba akainamisha kichwa. Mzee akapandisha sauti. Alikuwa amelewa? Alikuwa amelala? Ndipo Mama akatokea mlango wa jikoni, mikono imejaa povu la sabuni. Akasema Baba hakulewa wala hakulala. Alikuwa naye chumbani. Uchungu wa uzazi ulimshika Mama kabla ya siku zake, wewe uko kwa Bibi, mkunga amekwama ng'ambo kwa sababu maji yalifunika njia, na mtoto alitanguliza miguu. Baba alitaka kupanda mnarani, Mama akamng'ang'ania mkono. "Mimi ndiye niliyemzuia," akasema. Kisha akanitazama. Mzee naye akageuka, akanitazama.

Mtoto yule ni mimi, Kaka. Hata siku yangu ya kuzaliwa ni ya uongo. Waliisogeza mbele wiki nzima ili mtu asije akaunganisha mambo. Keki zote zile!

Mzee alisimama, akawa anatafuta kofia yake nayo imo mkononi mwake. Nilimfuata hadi langoni. Akaniambia miaka yote amekuwa akimlaani mlevi. "Laiti angekuwa mlevi," akasema, akaenda zake.

Tangu hapo Baba anataka kwenda kwa wakubwa akaseme yote. Mama anasema wakimshika, wamshike na yeye. Nawapikia, nawaona wanavyokula bila kutazamana, napandwa na hasira. Kisha najiuliza hasira hiyo ni ya nini. Ya kwamba nilipona?

Jana mpishi alipiga simu ofisini kwetu akaniulizia. Akasema mama yao mzazi, yeye na yule mdogo wake aliyepotea, bado yu hai, mkongwe sana, naye amekwisha mweleza kila kitu. Ajuza yule hakulia wala hakutukana. Aliuliza tu kama mtoto alipona. Alipoambiwa kwamba alipona, sasa ni mtu mzima na ana kazi yake, akasema, "Mleteni. Baba yake asije kwanza. Mleteni yeye."

Nitakwenda Jumapili. Baba na Mama sijawaambia. Sijui nitamwamkia vipi mama yule, wala nikae wapi, wala kama atanishika mkono au atanitimua. Tangu asubuhi nimesimama mbele ya kabati, na katika yote haya kinachonishinda ni nguo ya kuvaa.

Ukipata nafasi njoo nyumbani, hata kwa siku chache. Mwambie wifi namkumbuka sana, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu, kila mmoja kwa zamu yake wasije wakagombana.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba