Nilivyompiga Mwalimu Mwiko Siku ya Idd

Ngamiani, Tanga
Mfunguo Tatu, Idd ingali ya moto

Kwa dada yangu Mwanaidi, Lindi.

Shikamoo, dada. Ndiyo, umesikia vizuri, Selemani ameanza na shikamoo. Najua sasa hivi unamwambia Zuhura, mjukuu wako anayekusomea, "Hebu itazame tena hiyo barua, ni ya ndugu yangu kweli?" Ni yangu. Ukiona nina adabu, ujue nina shida.

Lakini kwanza, goti lako je? Bado linatabiri mvua? Na yule jogoo wako anayewika adhuhuri kama mlevi, mmeshamla au mnamhurumia? Mimi ni mzima wa afya. Meno ya kutafunia yamekwisha, yamebaki mawili matatu ya kuchekea, na kwa kazi ninayoifanya siku hizi hayo ndiyo ninayoyahitaji.

Haya, shida yenyewe. Dada, nataka kuoa.

Zuhura, kama bibi yako ameanguka, mpe maji, kisha endelea kusoma.

Mwanamke anaitwa Bi Tatu. Ni mjane, anapika vitumbua mtaa huu huu wa Ngamiani, na vitumbua vyake, dada, ukikila kimoja unasamehe watu waliokukosea. Tulijuana kwa sufuria. Unajua tangu nilipoyaacha mashamba ya katani kule Pongwe, mikono ilipokataa jembe, nimekuwa fundi wa kulehemu. Nakaa barazani na jiko langu la mkaa, naziba masufuria, birika, taa, chochote cha bati kinachovuja. Bi Tatu aliniletea sufuria lake. Nikaliziba. Wiki ya pili akalileta tena, linavuja mahali pengine. Wiki ya tatu tena. Nikamwuliza, "Bi Tatu, sufuria hili unalipikia au unalipiga msumari?" Akajifunika uso kwa buibui, akacheka. Hapo nikajua.

Sasa anayesimama mlangoni ni kaka yake, Mwalimu Sefu. Baba yao alikwisha kufa, kwa hiyo yeye ndiye walii wake, na pasipo yeye hakuna ndoa. Ni mwalimu wa chuo, anasomesha watoto Kurani. Mtu mwema, lakini uso wake kama amelamba ndimu. Na huyo, dada, aliapa hanipi dada yake kwa sababu mimi ni mchawi.

Usishtuke. Kosa lilikuwa langu. Unamkumbuka yule Mhindi wa kiini macho niliyembebea masanduku zamani, aliyekuwa akizunguka na gari moshi kuwachezea matajiri? Mengine alinifundisha, mengine nilimwibia kwa macho. Basi Idd ya mfunguo mosi, watoto walipojaa uwanjani kwenye pembea na senti zao za sikukuu, nikasema ngoja niwaonyeshe mambo. Nikajitanda kitambaa cheusi, nikafukiza ubani, nikaweka fuvu la mbuzi juu ya sanduku, nikanguruma kwa sauti nzito, "Njooni, njooooni!"

Dada, hawakuja. Walikwenda. Walikimbia wote kama vifaranga walioona mwewe. Mmoja alipita katikati ya sinia la kashata la watu. Mama zao wakaja kunitazama kwa mbali, na neno likashika njia: Mzee Selemani wa masufuria ni mchawi.

Nami kwa ujinga wangu wiki ile ile nikaenda kuposa! Mwenyewe, peke yangu, na kanzu ya kuazima. Nikamkuta Mwalimu Sefu mkekani.

"Mwalimu, nimekuja kwa jambo la kheri."

"Kheri siku hizi inakuja na ubani na fuvu la mbuzi?"

"Fuvu lile ni la mbuzi wa pilau, mwalimu. Nyama yake niliila mwenyewe."

"Bora ungelila na fuvu lake."

Nikamwambia ule ni mchezo tu, kiini macho, hakuna jini wala pepo. Akasema, "Kila mchawi husema hivyo. Wanafunzi wangu sasa hawataki kwenda msalani peke yao. Dada yangu ni mjane, si mtu asiye na mwenyewe. Idd ya kuchinja nitakuja uwanjani kukutazama kwa macho yangu. Nikiona sihiri hata chembe, jina lake usilitaje tena. Nikiona mchezo, tutazungumza."

Nikarudi nyumbani nimenywea. Kwa sababu, dada, ule mchezo mweusi ndio pekee niliokuwa nao.

Ila Mungu hamtupi mja wake, hata akiwa mtundu. Nilikuwa barazani nimekaa na masufuria. Unajua sufuria huwezi kuliona tundu lake kwa kulitazama tu. Mimi hulivaa kichwani mpaka shingoni, nikageukia jua, na palipo na tundu nuru inaniingia jichoni kama sindano. Basi nimevaa sufuria la watu, nageuza shingo huku na huku, nasikia kicheko. Navua, naona watoto wa chuo, wamesimama na mbao zao za kuandikia kwapani, wale wale walionikimbia! "Babu, vaa tena!" Nikavaa. Wakaanguka chini. Nikagonga sufuria kwa kijiko, nikasema humo ndani, "Hodi, kuna mtu?" Mmoja akacheka mpaka akapata kwikwi.

Nikajiambia, Selemani, punguani wewe, ulikuwa unahangaika na fuvu la nini?

Kitambaa cheusi nikakikata vipande vya kushikia masufuria ya moto. Nikaanza kukusanya vyombo vya jikoni. Bi Tatu alinipa vyake kwa siri, akiwaambia majirani kwamba vinakwenda kuzibwa, hata kinu! Watu wakaniuliza, "Mzee, siku hizi unalehemu na kinu?" Nikajibu kinavuja. Kitu kimoja tu nilikikataa, nacho ni ungo. Mtu aliyekwisha kuitwa mchawi hachezi na ungo. Ningeushika tu, watu wangeniuliza jana usiku nilirukia wapi na nikatua dari la nani.

Nilijihadhari na ungo, dada. Lile jingine sikulikumbuka. Sikiliza.

Siku ya Idd ikafika. Uwanja umejaa, watoto wamevaa nguo mpya zinazowawasha. Hata watoto wa karani mmoja Msambaa wa reli, Walutheri wale, walikuja na viatu vyao vya kanisani. Idd ya Tanga haiulizi mtu dini. Mwalimu Sefu amewekewa kiti mbele, kanzu nyeupe inang'aa, fimbo mapajani. Nyuma wamesimama akina mama, na Bi Tatu yumo, nimemjua kwa vile anavyouma ncha ya buibui.

Nikatoka nimevaa kawa kichwani, lile kawa la kufunikia chakula, kama taji la sultani. Uwanja ukalipuka. Nikasema nimepotelewa na kifaranga wangu. Nikamtafuta ndani ya kinu, hayumo. Nikamtafuta ndani ya kanzu yangu, hayumo. Naye wakati huo analia "chwi chwi" chini ya kawa. "Kichwani, babu! Kichwani!" Nawaambia, "Kitandani?" "Kichwaniii!" Walutheri ndio waliopiga kelele kuliko wote.

Nikachukua kata mbili za kutekea maji, moja sikioni, moja mdomoni, nikapiga simu. "Haloo! Nipe Gavana! Anaoga? Basi mwambie akimaliza, ndoo tunaihitaji huku." Watu wazima walitazamana kwanza kuona nani anacheka, kisha wakacheka wote. Nikatwanga senti kwenye kinu kwa mchi wa shina la mgomba, mchi ukapinda kama mkia wa mbwa mwoga, na senti nikaitoa puani kwa kijana mmoja. Natupia jicho kiti cha mbele. Mwalimu hacheki. Lakini midomo yake, dada, ilikuwa inafanya kazi ya kujizuia.

Sasa likaja birika. Birika hilo nimelitengeneza mwenyewe, na kazi nzuri kama hiyo sijawahi kuifanya. Lina matumbo mawili, moja ndani ya jingine, na tundu dogo chini ya mpini. Ukiliziba tundu kwa kidole gumba, birika kavu. Ukiliachia, maji. Zuhura, umeshaisoma, basi. Sasa funga mdomo.

Nikalipindua. Kavu. Nikalipiga kwa mwiko, maji. Nikalipindua, kavu. Mwiko, maji. Watoto wamesimama juu ya mabega ya wenzao. Nikasema, "Nataka mtu mwaminifu alishike, asiseme mtu nina hila." Uwanja mzima kwa sauti moja: "Mwalimu! Mwalimu!" Wanafunzi wake, dada. Walikuwa wanaiombea kanzu ile maji tangu asubuhi.

Akaja. Nikamwonyesha pa kushika, kidole gumba hapa. Akachungulia ndani, akalipindua, kavu.

"Haya mwalimu, liombe maji."

"Mimi sizungumzi na mabirika."

"Basi nitaliombea mimi." Nikainua mwiko nilipige birika. Naye, kwa kunishuku, akalivuta upande. Mwiko ukapita hewani, ukatua begani kwake. Pa!

Hata pembea ilisimama.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwanamume hapigwi mwiko! Wewe ulinifundisha mwenyewe, dada, nilipokuwa nikikusumbua jikoni kwa mama. Ulikuwa ukiinua mwiko, kisha unautupa na kutafuta kuni. Na huku Tanga wanasema vile vile, anayepigwa mwiko nguvu zake za kiume zinakwenda na upepo. Na mimi nimempiga walii! Mbele ya wanafunzi wake!

"Selemani," akasema polepole, "umenipiga mwiko?"

"Umeteleza, mwalimu."

"Nina wake wawili nyumbani, Selemani."

"Najua, mwalimu."

"Wote wawili wamesimama pale."

Bibi mmoja nyuma akapaaza sauti, "Arudishe! Dawa yake arudishe pale pale, kabla haujaingia!" Na akina mama wote, "Arudishe! Arudishe upesi!"

Mwalimu akaninyang'anya mwiko. Mimi sikungoja kuuliza. Dada, kwa umri huu nilikimbia kama nimeiba embe! Nazunguka kinu, nazunguka pembea, kawa kichwani, kifaranga analia juu, Mwalimu Sefu nyuma yangu, mkono mmoja mwiko, mkono mmoja birika ambalo kwa hasira amesahau kuliweka chini. Na kwa kuwa kidole gumba kimeondoka tunduni, maji yanammwagikia kanzu, kila hatua maji! Kawa likaanguka, kifaranga akaruka. Akanifikia. Pa! ya mgongo. Pa! ya matako. "Wallahi nguvu zimerudi, mwalimu! Zimerudi na faida!"

Watoto walikuwa wamelala mchangani. Walidhani ndio mchezo wenyewe. Wengine walikuwa wanalia kwa kucheka, na yule Mlutheri mdogo kiatu kilikuwa kimemtoka. Mwalimu akasimama, anahema. Akawatazama wanafunzi wake. Akaitazama kanzu yake. Akalitazama birika, mbona lilikuwa kavu? Akaligeuza, nikamwona anapapasa chini ya mpini. Kidole kikaona tundu. Akaliziba. Akaliachia. Akaziba. Macho yake yakanijia.

Aseme tu neno moja pale, watoto wote watajua, na mchezo umekufa. Na akinyamaza, bado nimempiga mwiko.

Akainua birika juu. Kwa sauti ile ile ya chuo akasema, "Watoto! Kuna maji humu?"

"Hakunaaa!"

Akalipindua, kavu. Kisha akaugonga mwiko kwenye mdomo wa birika, taratibu, kwa adabu kabisa, na maji yakatoka. Hukusikia huko Lindi kelele zile? Nilidhani utasikia.

Baada ya magharibi alinipitia barazani, kanzu imekauka. Akaketi bila kukaribishwa. "Bati," akasema. "Bati na risasi ya kulehemia." Nikamwambia ndiyo, mwalimu, sina jini mwingine. Akasema, "Mchawi hapigwi mwiko na kukimbia vile. Kwa hilo nimeridhika." Kisha akaongeza: "Lakini mtu mzima haposi mwenyewe kama anayenunua dagaa. Huna mkubwa wako?"

"Ninaye dada, yuko Lindi."

"Basi na aje. Akija, mimi sina neno."

Nilipomweleza Bi Tatu, hakushangaa hata kidogo. Alinijibu tu, "Mwambie wifi asikawie. Sufuria limekwisha mahali pa kupigia msumari."

Ndiyo hiyo shida yangu, dada. Mimi mwenye mvi mpaka masikioni natafuta mtu wa kuniombea mke, na wazee wetu wote wamekwisha kwenda, umebaki wewe. Panda meli ya pwani inayokuja, nitakungoja bandarini. Ukikaa mkekani mbele ya Mwalimu Sefu, nisifu. Nisifu bila haya. Wakikuuliza tabia zangu za ujana, kohoa.

Nisalimie shemeji yangu mvuvi wa pweza, mwambie nguo ya harusi namnunulia huku, aje na miguu yake tu. Nisalimie mwanao fundi cherehani na mkewe, na yule shangazi yetu asiyesikia, umpigie kelele kwamba Selemani anaoa, akisema "Anaumwa?", mwache hivyo hivyo. Zuhura nampa pole ya koo.

Ni mimi ndugu yako uliyekuwa ukimfukuza jikoni, sasa bwana harusi akipata wa kumposea,

Selemani, fundi wa masufuria