Nyuma ya Shamba la Cubaka

Louisville, 9 Februari 2025

Papa mpenzi,

Salamu katika jina la Yesu. Miguu yako inaendeleaje na theluji ya Lackawanna? Sisi huku mtaani Okolona tu wazima, watoto wana mafua tu.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, wamenipa mzee mmoja, Vernon. Ametoka kamji ka milimani mashariki ya Kentucky, Callow Creek. Nikimwogesha ananisimulia historia yake. Nyumba, duka, kanisa, hata makaburi, vyote vilikuwa vya kampuni ya kuchimba makaa ya mawe. Juu ya mji walirundika udongo kuzuia maji machafu ya kuoshea makaa, na Vernon ndiye aliyewekwa kulinda ukuta ule. Asubuhi moja mwaka 1971 akaona unavuja. Bon, akashuka, akamchukua mke wake, wakaondoka na gari. Hakupiga hata honi. Ukuta ukabomoka, maji yakaufunika mji, watu kumi na mmoja walikufa. Waliobaki wakatawanyika: Louisville, Columbus, wengine wakaenda huko kwenu kwenye viwanda vya chuma. Mji ukaisha.

Aliniambia akiwa ameelekea ukuta wa bafu. Sikumfariji, Papa. Nilisema, "Mimi sijui mtu wa namna hiyo anapataje usingizi." Kisha nikamfunga vifungo vya shati.

Je, nilikosea?

Binti yako,
Nzigire

Louisville, 30 Machi 2025

Papa,

Amani kwako. Wiki saba hujajibu, na simu hupokei. Josiane wa kanisani kwenu anasema u mzima, ila kwaya umeacha. Kama nimekuudhi, niambie. Vernon naye hanisimulii tena kitu.

Binti yako,
Nzigire

Lackawanna, 6 Aprili 2025

Mwanangu Nzigire,

Nashukuru Mungu kwa afya yenu. Mwili wangu hauna ugonjwa. Ni aibu.

Siku tulipokimbia kijiji ulikuwa na miaka mitatu. Mjomba wako Protasi alikuja mbio mchana kutoka sokoni, akasema watu wenye silaha wanapanda kilima. Jirani yetu alikuwa Cubaka, aliyenipa mbuzi nilipooa. Njia ilipita mlangoni kwake. Niliogopa kwamba tukimwambia, watoto wake na bibi yao kipofu watatufuata, tutakuwa wengi, tutaonekana. Donc, tulipita nyuma ya shamba lake la maharagwe. Mama yako alilia, nilimwambia anyamaze.

Cubaka aliuawa siku ile, pamoja na mama yake na wana wake wawili. Mke wake na binti yao Aksanti walipona. Kwenye kambi ya wakimbizi nilisema hatukuwakuta nyumbani. Hata kanisani nimeshuhudia hivyo. Mke wake alifia kambini; Aksanti yuko Columbus.

Nilisoma uliyomwambia yule mzee, nikaona umeniambia mimi.

Papa yako,
Mirindi

Louisville, 27 Aprili 2025

Papa,

Nimechelewa kwa sababu sikujua nikusalimie namna gani. Siku ile mlinibeba, kwa hiyo na mimi nilipona kwa njia hiyo. Naona haya kula.

Nilimwomba Vernon msamaha. Alinishika mkono tu.

Lakini wewe siwezi kukusamehe kwa niaba ya Aksanti. Umwendee.

Nzigire, binti yako bado

Columbus, 12 Mei 2025

Mwanangu,

Nakusalimu wewe na watoto. Nilifika salama kwa basi.

Aksanti alinipokea vizuri, akanipikia bugali kabla sijasema lililonileta. Nilipolisema, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Papa Mirindi, sisi tulijua. Mama aliwaona mkipita. Alikupungia mkono, akafikiri mnaenda kulima."

Kumbe miaka yote ile kambini, mama yake alikuwa akinisalimia huku anajua.

Aksanti hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Ameniambia nikae mpaka Jumapili, niwasimulie watoto wake jinsi babu yao alivyokufa, nisifiche kitu. Nitakaa.

Kuna jambo moja ambalo hata mama yako hakulijua. Nimemwambia Aksanti, na sasa nakuambia wewe. Nilimwona mama yake akinipungia. Na mimi nikampungia.

Papa yako,
Mirindi