Zile Hatua Si Zangu, Kaka

Kaka Aloyce,

Nakuandikia kwenye karatasi niliyomwomba nesi. Nipo kwenye benchi la kliniki, watu saba mbele yangu, na naogopa. Umesikia vizuri. Mimi Gaspari, niliyewaambia Kariakoo nzima kwamba niliwahi kuzuia lori la mchele kwa bega, naogopa kuitwa jina. Lile lori, kaka, lilikuwa mkokoteni. Tena ulikuwa mtupu. Nakwambia wewe kwa sababu huwezi kumsimulia mtu.

Tulipokuzika kule Rombo, Neema wako alinipima presha hata kabla hatujarudi Dar. Ilikuwa juu kama yako. Akaniandikisha hapa kliniki anakofanya kazi, nikapewa dawa za presha na saa ya kuvaa mkononi. Inahesabu hatua, inasikiliza moyo, inapeleka habari kwenye simu hata ikiwa mbali, na humo ndani kuna akili mnemba. Nilidhani kuna mtu mahali fulani ananichungulia. Neema akasema, "Si mtu, baba mdogo. Ni kompyuta inakusoma tabia, halafu inakusukuma kidogo kidogo."

Ikanisoma kweli. Iliniambia nipunguze chumvi, nikaipuuza. Ikaniambia nishukie Jangwani nimalizie kwa miguu mpaka nyumbani Magomeni, nikaipuuza. Halafu siku moja ikaandika, "Mzee Gaspari, leo umewapita wenzako wanne wa kliniki." Kaka, siku ile nilitembea kama nimetumwa. Ilishagundua ule ugonjwa wangu mwingine, wa kutaka sifa.

Ila kulikuwa na mama mmoja muuza samaki wa Feri, simjui hata sura, kila siku yuko juu yangu kwenye orodha ya hatua. Nikaona isiwe tabu. Nikamvalisha saa Hamisi, yule Mmakua anayesukuma mkokoteni wa mizigo yetu, baba wa watoto watano, kifua kama mlango wa stoo. Akacheka: "Bosi, na chooni nikuendee?" Anaivaa asubuhi, jioni ananirudishia. Nikawa wa kwanza, wiki hadi wiki. Nimekaa dukani nakula chipsi mayai, simu inanipongeza.

Daktari akafurahi. Presha aliyonipima ilikuwa imepanda, akasema labda ni woga wa hospitali, maana habari za saa zinaonyesha moyo wa kijana. Leo ndiyo anataka kunipunguzia dawa. Na nesi ameniomba nisimame niwaeleze wenzangu siri ya ushindi. Nilikubali hata hajamaliza kuomba.

Sasa sikia. Jumatano nilipanda ngazi za stoo, ghorofa ya tatu, kufuata robota la vitenge. Kifua kikabana. Kama mtu amenikalia. Jasho la baridi, mkono wa kushoto ukawa si wangu. Nikakaa juu ya robota. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaitoa kwa shida. Imeandika, "Hongera, Mzee Gaspari. Moyo wako leo uko vizuri sana. Endelea hivyo hivyo."

Nilikuwa nakufa, kaka, na simu inanipigia makofi. Kule chini Hamisi anasukuma mzigo, moyo wake unadunda salama kwa jina langu.

Nikakukumbuka ile siku umeshika kifua pale dukani. Ulisema, "Gaspari, kuna kitu hakiko sawa." Nikakujibu, "Gesi hiyo. Mimi ilinishika mwaka juzi, nikabeua mara moja kioo cha duka kikapasuka." Ukacheka. Nikakununulia soda ya tangawizi, ukainywa yote ili kuniridhisha. Sijamwambia Neema. Yeye anajua ulianguka ghafla tu.

Mimi yale maumivu yaliniachia, nikashuka kuuza vitenge kama kawaida. Jana nimemvua Hamisi saa, nikavaa mwenyewe. Tangu hapo simu imebadilika lugha: "Mapigo yako si ya kawaida. Je, uko sawa? Wasiliana na kliniki leo." Imeuliza mara tatu. Kila ikiuliza naushusha mkono wa shati kuifunika saa.

Sasa hivi mama mmoja mnene aliyekaa pembeni yangu kageuka. "Wewe ndiye Gaspari wa kwanza? Mimi ndiye yule wa Feri. Umenitesa, baba. Nakukimbiza mpaka nyonga zinawaka, usiku silali." Nikatafuta uongo wa kumjibu. Mimi, kaka, nikaukosa. Nimemwambia tu, "Mama, usikimbie tena. Ngoja daktari anisikie kwanza." Ananitazama bado.

Wamebaki wawili. Naogopa kuingia, naogopa zaidi kutoka na dawa pungufu. Daktari atanidharau, hilo nitalivumilia. Neema akijua habari ya gesi, sijui kama ataniita baba mdogo tena.

Nakuahidi, nitasema yote kabla daktari hajagusa kalamu. Hatua, mapigo, Jumatano, na ile siku yako pia, Neema akiwa amesimama palepale asikie kwa mdomo wangu. Sitachomekea neno.

Pumzika, kaka. Naomba usinifanyie nafasi huko, bado sijawa tayari. Namwona Neema anakuja na faili langu, anatabasamu. Naweka kalamu, nampa mkono wenye saa.

Mdogo wako,
Gaspari