Ukikwama, Mpigie Nabwire

Jumatatu, 3 Machi

Kitufe kingine cha "Tuma". Cha kumi na moja tangu Krismasi. Vyote vya bluu, na hakuna viwili vyenye bluu moja. Tovuti ya mawakala wa forodha Malaba ina chake. Ya wakulima wa Lumino ina chake. Ya shule ina vitatu. Vyote tumevijenga sisi wenyewe, mimi na Othieno, yeye ofisini Tororo, mimi hapa Busia upande wa Kenya, kwenye meza ya jikoni, tumbo likiigonga.

Basi. Tumeamua. Kila kitu kinajengwa mara moja tu: kitufe, fomu, kisanduku cha tarehe, kisanduku cha namba ya simu. Vyote vinakaa kwenye maktaba moja, kila kipande na ukurasa wake wa maelezo, na tovuti zote zinaazima humo.

Wiki nne zimebaki nijifungue. Kwa kifungua mimba wangu nilikuwa na kompyuta kitandani wodini, nikirekebisha fomu ya watu, nesi akinitazama kama mwendawazimu. Safari hii sitaki. Nataka miezi mitatu na mtoto na simu iliyonyamaza. Hiyo ndiyo sababu ya maktaba. Mengine ni mapambo.

Jumatano, 5 Machi

Vipande sita. Furaha ya kitoto kabisa. Nabadilisha rangi mahali pamoja, tovuti zote zinabadilika. Nimebadilisha mara saba bila sababu. Kijani. Zambarau. Kijani tena. Othieno akapiga: "Nabwire, wacha kuchezea rangi, watu ya Lumino naona."

Nikaongeza mara moja, ya mwisho.

Ijumaa, 7 Machi

Tumegombana siku nzima juu ya majina. Kuna lile sanduku jekundu linalotokea mtu akikosea kujaza. Mimi naliita onyo. Othieno analiita tahadhari. Tumegundua tunayo manne, yale yale, majina manne. Kila mmoja alitafuta kwa jina lake, akakosa, akajenga upya. Aibu.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha, akasikiliza ugomvi wote kwenye simu. Amekuja kunisubiri nijifungue, na hakuna kinachompita. Akasema kwetu Wasamia mtoto mchanga halazimishwi jina. Akilia, unamtajia majina ya waliotangulia, moja moja. "Ukifika lake atanyamaza. Wewe ita tu."

Nimecheka. Halafu nikaacha kucheka. Jina la kipande si la aliyekijenga, ni la anayekitafuta. Tutamuuliza anayetafuta.

Jumanne, 11 Machi

Anayetafuta amekuja. Apio, kutoka Petta, ametoka chuo mwaka jana, ndiye atakayeshika nafasi yangu. Othieno amemkalisha mbele ya maktaba bila kumwambia lolote. Alitaka sanduku jekundu. Akaandika "kosa". Hakuandika onyo wala tahadhari. Sasa linaitwa kosa, na wazee wawili tumekubali kushindwa.

Mpango ni huu: Apio ajenge upya tovuti ya mawakala wa Malaba kwa vipande vyetu, peke yake, kwa kusoma tu. Akiweza, mimi niko huru.

Othieno ameona kitu. Chini ya kila ukurasa nimeandika: "Ukikwama, mpigie Nabwire," na namba yangu. Anasema hayo si maelezo, ni tangazo la fundi.

Alhamisi, 13 Machi

Sijaufuta huo mstari. Nimemwambia Othieno ni kwa usalama. Uongo. Napenda kupigiwa. Napenda mtu akikwama ulimwengu usimame hadi nifike. Nimeyaandika hapa, kwingine siyaandiki.

Mtoto anapiga mateke kila nikifungua kompyuta. Ana hoja.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya. Tovuti mpya ya Malaba ilifunguliwa asubuhi. Dereva anajaza namba yake, wakala akimaliza makaratasi, ujumbe unamfikia dereva aondoe lori. Kufikia saa tano madereva walikuwa wanangoja ujumbe usiofika. Makaratasi tayari, malori yamelala, foleni inarefuka, na Apio, aliyekwenda huko kuifungua, yuko katikati yao anatukanwa kwa lugha tano.

Kosa ni kisanduku cha namba ya simu. Kile ninachokionea fahari kuliko vyote. Nilikifundisha kutazama laini anayotumia mtu na kujaza nchi chenyewe. Laini ya Kenya, Mkenya. Laini ya Uganda, Mganda.

Mimi. Mtoto wa mpakani. Mwenye laini mbili kwenye simu hii hii. Malaba kila mtu anazo mbili, anatumia yenye nguvu pale aliposimama, na akivuka barabara anabadilisha. Kisanduku kikabadilisha naye. Namba za Uganda zikaandikwa za Kenya. Mtu wa Nairobi angefanya kosa hili, ningemcheka mwaka mzima.

Apio akapiga. "Madam, hii kisanduku nabadilisha nchi. Mimi nasoma maelezo mara tatu. Imeandikwa tu, 'kinajua chenyewe.'" Halafu simu ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Mara tisa. Nikasema nakwenda Malaba mwenyewe, nikaita boda. Mama mkwe akaketi juu ya viatu vyangu. Alikaa tu.

Nikalia kwa hasira. Kisha nikafungua kompyuta, kwa kuwa simu haishiki na viatu vimekaliwa. Nikaandika ukurasa upya. Kisanduku hiki kinafanya nini. Kinakisia wapi. Ukitaka kisikisie, zima hapa, weka swali hili. Polepole, kama namwelekeza mgeni njia ya nyumbani. Ujumbe wa maandishi ukapenya pale sauti iliposhindwa: soma tena.

Dakika arobaini. Kisanduku cha Malaba sasa kinauliza, "Namba yako ni ya nchi gani?" Apio amekirekebisha kwa mikono yake. Sijagusa kitu.

Jumanne, 18 Machi

Nimelala hadi saa tatu. Apio na Othieno jana walibaki wakiwapigia madereva mmoja mmoja hadi foleni ikaisha.

Nimeongeza sehemu mpya kwenye kila ukurasa: "Nilipokosea." Ya kisanduku cha simu ni ndefu, na sikujipamba. Othieno amesoma, akajaza zake, tatu, moja ya zamani ambayo aliniapia kwamba ni yangu. Nimemsamehe kwa kelele nyingi.

Na ule mstari nimeufuta. Kurasa ishirini na mbili, mmoja mmoja, ingawa ningeweza kuufuta wote kwa mara moja. Nilitaka kuusikia ukitoka.

Jumamosi, 22 Machi

Apio amemaliza tovuti ya Lumino. Maswali: moja. Alitaka kujua napenda samaki wa namna gani, anakuja kuniona.

Nimefurahi mno hadi nimefua mapazia. Mama mkwe anasema hiyo ni dalili.

Jumapili, 30 Machi

Ilikuwa dalili. Msichana. Kilo tatu na kidogo, mapafu ya dereva wa lori. Alilia jioni nzima. Mama mkwe akamwinamia, akaita. Nekesa? Kelele. Auma? Kelele zaidi. Akaita shangazi, akaita bibi, akafika kwa mama yake mwenyewe aliyezikwa Samia: Taaka? Akanyamaza, akashika titi. Mama mkwe alitoka nje kidogo, akarudi amenawa uso.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua asubuhi. Taaka amelala kifuani. Simu iko sebuleni juu ya friji, na haijalia tangu Alhamisi. Siku mbili za kwanza niliinuka kuikagua, nikidhani imeisha chaji. Haikuwa imezima. Iliniuma, kisha ikaacha kuniuma.

Leo nimefungua maktaba kwa mkono mmoja, kutazama tu. Kuna kipande cha ishirini na tatu. Sikukijenga mimi. Ni sanduku la mkulima kuweka picha ya shamba lake, la Apio. Limeandikwa vizuri: linafanya nini, lini usilitumie. Na chini kabisa, bila kuambiwa na mtu, ameandika: "Nilipokosea. Nilidhani kila mkulima ana simu yake. Wengi Lumino wanaazima ya jirani, picha zikachanganyika. Sasa sanduku linauliza jina kwanza."

Nimesoma mara mbili. Hakuna cha kuongeza. Nimefunga kompyuta, mtoto hakushtuka.