Choki Iliyofungwa kwa Waya

Jumamosi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Ukungu umelala mpaka milangoni, na baridi inauma masikio.

Leo nina furaha. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuripoti mambo ya watu wengine redioni kule Bukavu, Kongo, kwa hiyo hata furaha nitaieleza kwa mpangilio.

Mama Esperance na wenzake wa karakana ya ushonaji walishona sare za gwaride za shule moja ya Kauma, Lilongwe. Ni mara ya kwanza shule ya mjini kuwapa kazi. Mwalimu mkuu alisema wazi: sare zifike kabla watoto hawajatoka kwenda kwenye gwaride. Zikichelewa hatazichukua, na karakana haitasikia tena kutoka kwake.

Gari ni pikapu kuukuu ya kanisa, ya petroli, yenye kabureta. Dereva ni Papa Innocent. Kila asubuhi ya baridi gari hukataa kuwaka, na kila asubuhi ya baridi tunaisukuma. Imekuwa desturi yetu. Inaegeshwa juu ya mteremko. Wanaopita wanaweka ndoo chini, wanasukuma, inawaka, wanapiga makofi, wanabeba ndoo zao na kwenda.

Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Jana jioni iliachwa tambarare, mlangoni pa karakana, ili ipakiwe. Leo alfajiri tuliisukuma na mzigo wake wote mpaka baridi ikatutoka. Haikupata mwendo. Papa Innocent akageuza ufunguo tena na tena, na stata ikaanza kuchoka.

"Papa, betri itakufa," Mama Esperance akamwambia. "Na mi nitaifuata."

"Mama, we omba tu."

"Nimeisha omba. Sasa fungua boneti."

Nikamwuliza dereva maswali ya kawaida. Inakataa lini? Asubuhi. Na mchana? Mchana inawaka mara moja. Na hiki kitufe cha kuvuta kilicho chini ya usukani ni cha nini?

Papa Innocent akakigusa.

"Choki. Niliifunga na waya ikae wazi. Inakulaka petroli sana."

Si ujinga. Mtu aliyeshinda kwenye foleni ya petroli Lilongwe hujifunza ubahili. Na ni kweli kwamba choki iliyosahauliwa hula mafuta, hutoa moshi mweusi na kuchafua plagi. Lakini yeye aliinyima injini hata zile dakika chache inapoihitaji.

Kinachowaka ndani ya injini ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa baridi, petroli inayotoka kwenye kabureta haigeuki mvuke vizuri. Sehemu kubwa inabaki matone na kunata kwenye chuma. Cheche inakuta hewa nyingi na mvuke kidogo mno. Choki ni kibati kinachobana mdomo wa kabureta. Hewa inapungua, injini inanyonya petroli zaidi, na hata nyingi ikipotea kama matone, mvuke unaobaki unatosha kushika moto. Injini ikishapata joto, unarudisha choki.

Papa Innocent akanyoosha mkono kwenye mkasi wa Mama Esperance ili akate waya.

"Mukasi ya kitambaa haikate chuma," akasema mama. "Ata tukilala hapa."

Papa Innocent akaifungua waya kwa vidole, akilalamika. Akavuta choki, akageuza ufunguo. Pikapu ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa tunaisikiliza.

"Kumbe tulikuwa tunasukuma bure," Mama Esperance akasema, akapanda.

Tulipofika barabara ya lami choki ilikuwa imesharudishwa, na injini ilinguruma bila kusita. Tukapita Kanengo, tukaingia Kauma. Watoto walikuwa wamejipanga uwanjani na nguo za nyumbani. Mwalimu mkuu akachukua sare moja, akavuta mishono kwa nguvu, akaigeuza ndani nje, akavuta tena. Mishono ikakaa.

"Zikomo," akasema, akishukuru kwa Kichewa. Kisha akauliza kama karakana inaweza kushona sare za shule nzima.

Mama Esperance akajibu kwamba inaweza, kwa sauti ya mtu anayeulizwa kila siku. Kisha akageuka kufuta uso kwa kitenge.

Gwaride lilitoka kwa wakati, safu kwa safu, na kazi yetu migongoni mwao. Nimeripoti mengi yaliyoisha vibaya. Hili limeisha vizuri, na sijaongeza neno.

Baridi itarudi asubuhi. Na irudi.